Viazi Vilivyoingia Kwenye Mkataba

Mwaka 1994, Waaustria walipokuwa wanajiandaa kupiga kura ya kuingia Umoja wa Ulaya, jijini Vienna yalibandikwa mabango yenye ahadi moja: saladi ya viazi haitabadilishwa jina. Usicheke. Wote husema Kijerumani, lakini Mjerumani hukiita kiazi Kartoffel, Mwaustria hukiita Erdapfel, yaani tofaa la ardhini, na hofu ilikuwa kwamba huko Brussels neno la mkubwa lingelimeza la mdogo.

Ahadi ilitimizwa. Austria ilipojiunga, Januari 1, 1995, mkataba wake ulibeba Itifaki namba 10: maneno 23 ya Kiaustria yaliyopewa hadhi sawa na yale ya Ujerumani. Yote ni ya chakula. Nyanya ni Paradeiser, koliflawa ni Karfiol, aprikoti ni Marille. Hata Jänner, Januari yao, haimo. Tumbo lilipata mawakili hodari.

Ubishi huu una mizizi michungu. Mwaka 1938 Hitler aliiunganisha Austria na Ujerumani, na wengi walishangilia barabarani. Vita vilipokwisha, kutokuwa Mjerumani kukawa na faida zake. Kamusi rasmi ya Kiaustria ilitoka mwaka 1951.

Siku hizi mvutano uko kwenye mambo madogo. Mwambie mtu wa Hamburg avute Sessel akae, atatafuta kiti cha sofa. Mwenyeji wa Vienna anamaanisha kiti cha kawaida tu cha mezani. Kwenye mkahawa, Mjerumani husema atapata bia, basi. Masikioni mwa Mwaustria hiyo ni amri. Yeye angeanza na “ningependa” na kumalizia na “tafadhali”. Mtu wa Dar aliyewahi kumsikia Mnairobi akisema “nipe chai” hahitaji maelezo. Ila mtu wa Munich haingii vizuri kwenye hesabu hii: lahaja yake iko karibu na ya Salzburg kuliko ya Berlin.

Halafu kuna mpira. Juni 21, 1978, mjini Córdoba, Argentina, Austria iliifunga Ujerumani Magharibi, mabingwa wa dunia, 3-2, Hans Krankl akitia mawili. Waaustria huiita mechi hiyo muujiza, Wajerumani huiita fedheha. Na Austria, kabla hata filimbi ya kwanza haijapulizwa, ilikuwa imeshatolewa mashindanoni.