Kifafa: Ugonjwa Unaomhitaji Shahidi

Seli za ubongo hupelekeana taarifa kwa umeme mdogo sana. Kundi la seli hizo likifyatua umeme wake kwa wakati mmoja na kupita kiasi, mtu hupatwa na mshtuko. Mshtuko peke yake si kifafa. Malaria iliyopanda kichwani, sukari iliyoshuka mno, au pombe iliyoachwa ghafla baada ya miaka ya kuinywa, vyote vinaweza kumwangusha mtu yeyote. Na watoto wengi wanaopata degedege la homa kabla ya umri wa miaka 5 hukua bila kifafa. Madaktari hutaja kifafa pale mishtuko inapojirudia bila kichocheo cha aina hiyo, kwa kawaida miwili iliyopishana kwa zaidi ya saa 24. Watu wapatao milioni 50 duniani wanaishi na ugonjwa huu, wengi mno wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Sura inayojulikana mitaani ni moja: mtu anaanguka, anakakamaa, anarusha mikono na miguu, povu linamtoka, pengine anajikojolea. Kumbe zipo sura za kimya. Mtoto anazubaa darasani kwa sekunde chache, kisha anaendelea kuandika kana kwamba hakuna kilichotokea, na mwalimu anamwona mvivu. Mtu mzima anatafunatafuna na kupapasa nguo zake, akiitwa haitiki, na baadaye hakumbuki chochote. Mwingine hutikisika mkono mmoja tu huku akili zake ziko timamu.

Sababu ni nyingi: mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, homa ya uti wa mgongo, ajali ya kichwa, uvimbe na, kwa wazee, kiharusi. Sababu nyingine ni mayai ya tegu wa nguruwe: huingia mwilini kwa chakula au maji yenye kinyesi cha binadamu aliye na mnyoo huyo, na viluwiluwi vyake hufanya makazi ubongoni. Kwa hiyo hata asiyekula nguruwe anaweza kupata kifafa kwa njia hiyo.

Kisa cha Mahenge, mkoani Morogoro, kina nafasi yake katika historia ya ugonjwa huu. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, alifika huko karibu na mwaka 1960, akakuta kifafa kimeenea kupita kawaida na wagonjwa wametengwa kwa hofu ya kuambukizwa. Wengi walikuwa na makovu ya moto, maana aliyeanguka jikoni hakuguswa. Aliwaona pia watoto waliokuwa wakiinamisha kichwa mfululizo kama wanaosinzia. Miongo kadhaa baadaye hali ya namna hiyo ilitikisa kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini. Maeneo hayo yana jambo moja la pamoja: mito yenye usubi, inzi wadogo weusi wanaoeneza minyoo ya upofu wa mtoni. Namna minyoo hiyo inavyoudhuru ubongo bado inabishaniwa na watafiti, lakini uhusiano wenyewe umeonekana mara nyingi, na ndiyo sababu moja zaidi ya kumeza dawa ya minyoo hiyo, aivamektini, inapogawiwa vijijini.

Hofu ile ya kuambukizwa haina msingi: povu haliambukizi. Anayeanguka asogezwe mbali na moto, maji na vitu vyenye ncha, awekewe kitu laini chini ya kichwa, alazwe ubavu mara mtikisiko unapolegea. Asishikiliwe kwa nguvu wala asitiwe kijiko mdomoni, kwani kijiko huvunja meno tu. Mshtuko ukizidi dakika 5, au ukifuatwa na mwingine kabla hajazinduka, apelekwe hospitali haraka.

Utambuzi hutegemea zaidi masimulizi kuliko mashine. Kipimo cha umeme wa ubongo, ambacho Mjerumani Hans Berger alikitangaza mwaka 1929, kinaweza kutoka safi kabisa kwa mwenye kifafa akipimwa siku ya utulivu. Picha za CT na MRI huonyesha kovu au uvimbe, lakini haziwezi kusema mtu huyu alianguka kwa kifafa au alizimia kwa sababu ya moyo. Hilo hujibiwa na aliyeshuhudia: kilianza upande gani, macho yalielekea wapi, kilichukua muda gani. Siku hizi video fupi ya simu humsaidia daktari bingwa kuliko cheti cha kurasa kumi.

Mabingwa wa mfumo wa fahamu Afrika Mashariki ni wachache na wengi wako katika miji mikubwa. Hospitali nyingi za Tanzania humhudumia mwenye kifafa katika kliniki ya afya ya akili, jambo linalozifanya baadhi ya familia zikwepe kwa kuogopa jina la wazimu, ingawa kifafa si wazimu.

Dawa zipo. Fenobabitoni, inayotumika kwa kifafa tangu mwaka 1912, ni ya bei nafuu na humezwa mara moja kwa siku. Wagonjwa wapatao 70 kati ya 100 wanaweza kuishi bila mishtuko wakipata dawa sahihi. Huanzwa dawa moja, kwa dozi ndogo inayopandishwa polepole. Kuiacha ghafla ni hatari kuliko madhara mengi yanayosingiziwa. Baada ya miaka 2 bila mshtuko ndipo daktari anaweza kufikiria kuipunguza. Mwanamke anayetarajia kupata mimba amwone daktari mapema, kwa kuwa valproeti inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na baadhi ya dawa nyingine hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango.

Dawa 2 zilizochaguliwa vizuri na kumezwa ipasavyo zikishindwa, hapo hakuna wa kuchukua nafasi ya bingwa. Yeye huchunguza upya kama kweli ni kifafa, hutafuta kovu linalozua mishtuko na, likiwa mahali salama, hushauriana na daktari wa upasuaji wa ubongo kuhusu kuliondoa.