Njano si mchezo, mshikaji!

Wiki hii mapenzi na mitindo tuyaweke kando, maana nina dhambi ya kuungama.

Usiku mmoja wa Novemba 2023, nyumbani kwetu Kigogo, nimejinyoosha kwenye kochi nasikiliza redio. Mamlaka ya Hali ya Hewa imetoa angalizo la mvua kubwa. Bibi akaniuliza, "Mjukuu wangu, tupandishe vitu juu?" Nikamjibu kwa nyodo, "Aa bibi, hiyo ni njano tu. Ngoja tusikie nyekundu." Nikazima redio. Nje kukavu, hata tone.

Saa nane usiku godoro langu likaanza kuelea! Bibi nilimtoa mgongoni, maji yamenifika kiunoni. Cheti changu cha fomu foo kikaenda na maji.

Kosa langu nilidhani rangi ni kipimo cha mvua. Kumbe wapi! Njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Lakini rangi hiyo inapikwa kwa vitu viwili: uwezekano wa jambo kutokea, na ukubwa wa athari likitokea. Kwa hiyo njano inaweza kuwa mvua ambayo pengine isije, ila ikija inabeba nyumba. Hayo mawili husomwa baada ya rangi, na mie nilishazima redio.

Halafu "mvua kubwa" si maneno ya kupamba. Ni zaidi ya milimita 50 ndani ya saa 24. Unaona kidogo? Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Hiyo 50 ni ndoo kubwa mbili na nusu, kila unapokanyaga. Desemba 2011 Dar ilipata zaidi ya milimita 150 kwa siku moja, na watu wasiopungua 40 wakafa.

Na ule ukavu wa nje? Mto Msimbazi unatokea huko vilima vya Pugu na Kisarawe. Mvua ikipiga kule, sisi wa bondeni tunaletewa mzigo tusiouagiza.

Siku hizi redio ikitaja angalizo, bibi ananikazia macho: "Uwezekano umesemwaje? Na athari?" Nikibabaika tu, anaanza kufunga mabegi.