Tyubu ya Marhamu na Hikima ya Ukuta Mwembamba

Barabara itokayo Likasi kwenda Kolwezi hupita Mulungwishi, mahali panapojulikana kwa misheni ya Wamethodisti na kwa Chuo Kikuu cha Kimethodisti cha Katanga, na kando ya njia hiyo, kama ilivyo kando ya kila njia katika nchi hii, hupangwa juu ya ubao sabuni, chumvi, betri za tochi, na tyubu za marhamu ya ngozi zing'aazo kama samaki waliotolewa majini sasa hivi. Mnunuzi huzitazama rangi, huuliza bei, huchagua moja, na ikiisha huitupa pasi na kuifikiri. Nami niliyefanya hivyo miaka mingi naona sasa kuwa tumekidhulumu chombo chenye hikima nyingi kuliko marhamu iliyomo ndani yake.

Maana chombo hiki kimetakiwa kitende mambo mawili yanayopingana: kilegee mbele ya kidole kama tumbo la mtoto, na papo hapo kiwe boma lisilopitisha hewa, wala maji, wala harufu. Wazee wa pwani waliweka marashi katika mrashi, mafuta katika chupa, na wanja katika kikopo, na kila kifuniko kilipofunguliwa hewa iliingia, kidole kikaifuata na uchafu wake. Wamisri wa kale, waliosaga malakiti wakaipaka machoni, jiwe lile lile la kijani ambalo watoto wa Likasi huliokota mavumbini, walitumia vikopo vya mawe na matete, na taabu yao ilikuwa hiyo hiyo.

Aliyeifungua njia hakuwa muuza manukato bali mchoraji. Wachoraji wa Ulaya walikuwa wakiweka rangi zao za mafuta katika vibofu vya nguruwe, wakavitoboa kwa msumari kila walipotaka kuchora, na rangi ikakauka kwa sababu tundu halikuzibika vema. Hata mwaka 1841 Mmarekani John Goffe Rand, aliyekuwa akiishi London, akapata hataza ya kijibomba cha bati kinachobinyika na kubaki kimebinyika. Humo mlitiwa, pamoja na rangi nyinginezo, buluu ya kobalti ambayo Mfaransa Louis Jacques Thénard alikuwa ameitengeneza mwaka 1802, kabla mtu yeyote wa Ulaya hajajua kwamba ardhi ya Katanga imejaa madini hayo. Dawa ya meno ilifuata mwishoni mwa karne ile, kisha marhamu na mafuta ya uso.

Bati lilichaguliwa kwa kuwa ni laini, haliingii kutu, na halina sumu kama risasi. Lakini ni ghali, na mwaka 1942, Wajapani walipokwisha kuiteka Malaya, lilikotoka bati lingi, raia wa Marekani aliyetaka dawa mpya ya meno alilazimika kurudisha dukani tyubu yake ya zamani. Siku hizo migodi ya Manono, kaskazini ya Katanga kama ilivyokuwa, ilikuwa ikichimba bati, na wachimbaji wake walibeba sehemu ya mzigo wa vita vile bila ya kuona hata moja ya zile tyubu. Baadaye alumini ikachukua nafasi ya bati, nayo ndiyo itumikayo mpaka leo kwa tyubu za madini.

Mtu wa nchi ya shaba atadhani kwamba tyubu ya alumini husubiwa, yaani madini huyeyushwa na kumiminwa katika kalibu, kama misalaba ya shaba iliyokuwa fedha ya Katanga ya kale. Sivyo. Huchukuliwa kidonge cha alumini safi, bapa na cha mviringo, kikawekwa baridi vile vile ndani ya kinu kifupi cha chuma, kisha mchi wa chuma ukashuka juu yake kwa pigo moja la nguvu kubwa mno. Na alumini, isipokuwa na pa kukimbilia, hutiririka kama udongo mbichi, ikapanda juu kuuzunguka mchi na kuwa ukuta ambao unene wake ni kama sehemu ya kumi ya milimita. Shingo na bega hutokea kwa pigo hilo hilo. Inanishangaza kila niwazapo, kwamba kitu kigumu kimemiminika bila ya kuguswa na moto.

Lakini pigo lile huifanya alumini iwe kavu na ngumu, na tyubu ngumu hupasuka badala ya kubinyika. Wafua shaba wa Kiyeke, waliofuatana na kiongozi wao Msiri kutoka nchi ya Unyamwezi wakaileta Katanga sanaa ya kuvuta waya mwembamba, wasingeshangazwa na habari hii, kwani kila avutaye waya wa shaba anajua kuwa usiporudishwa motoni hukatika. Vivyo hivyo tyubu, baada ya kukatwa mdomo na kuchongwa hesi shingoni, hupitishwa tanurini, chembe zake zilizosongana zikajipanga upya na ulaini ukarejea. Ndipo hupuliziwa ndani ngozi nyembamba ya vanishi, ili marhamu isigusane na madini, na nje hupakwa rangi ya msingi, kwa kawaida nyeupe, itakayopokea nakshi.

Plastiki ilipokuja katikati ya karne ya ishirini ilibadili karibu kila kitu. Polietilini huyeyushwa na kusukumwa na parafujo kubwa kupitia mwanya wa duara, ikatoka kama bomba refu lisilokwisha, likapozwa kwa maji na kukatwa vipande. Kichwa chenye shingo hutengenezwa kwa kalibu na kuunganishwa na kipande kingali na joto. Tyubu hii ni rahisi, haifanyi kona kali zenye kukata kidole, na hurejea umbo lake ikibinywa. Na hapo ndipo penye ila, kwa sababu tyubu inayorejea umbo lake huvuta hewa ndani kama pafu, hali ile ya alumini hubaki ilipobinywa na haivuti kitu. Tena polietilini huzuia mvuke wa maji vizuri lakini oksijeni huipenya, na oksijeni ndiyo iozeshayo mafuta na kuifuta harufu nzuri.

Dawa iliyopatikana ni tabaka. Katikati ya polietilini hutiwa utando wa plastiki nyingine, iitwayo EVOH, ambayo huizuia sana oksijeni lakini hupoteza nguvu ikilowa, kwa hiyo imefungiwa baina ya ndugu zake wawili wasiopitisha maji, kila mmoja akiifunika aibu ya mwenziwe. Namna nyingine huweka katikati karatasi nyembamba ya alumini. Hii huchapwa ingali bapa, huviringwa, na kingo zake huunganishwa kwa joto, ndiyo maana ukiigeuza tyubu ya dawa ya meno aghalabu utaona mshono ulioshuka mgongoni.

Sasa nakshi. Polietilini haikubali wino: tone husimama juu yake kama maji juu ya jani la magimbi. Kabla ya kuchapwa, basi, tyubu hupitishwa haraka mbele ya ndimi za moto, si kuiunguza bali kuitia oksijeni kidogo usoni, na baada ya hapo wino hutandaa na kushika. Kisha huvishwa mti wa chuma na kuviringishwa juu ya mpira ambao umekwisha kupokea rangi zote, moja baada ya moja, kila moja mahali pake, hata picha nzima ikahamia tyubuni kwa mzunguko mmoja. Herufi zile ambazo kidole huzihisi zimeinuka zimepitishwa katika kitambaa chenye matundu madogo, nacho hubwaga wino mzito. Na dhahabu ing'aayo kwenye jina la marhamu si dhahabu: ni utando wa alumini, mwembamba kupita kadiri ya jicho, uliofunikwa vanishi ya manjano na kugandamizwa kwa muhuri wa moto.

Kwenye mkia wa tyubu pana kipande kidogo cha rangi, cheusi au kijani au buluu, ambacho nimesikia kikifafanuliwa kwa yakini kubwa: kijani ni mitishamba mitupu, nyeusi ni kemikali. Hayana asili maneno hayo. Ile ni alama ya jicho la mashine, ambayo huizungusha tyubu mpaka ilione doa na kujua kwamba uso wa mbele umekaa mbele, kisha huufunga mkia. Rangi yoyote yafaa maadamu inatengana na ile ya jirani yake. Anayetaka kujua kilichomo na asome orodha ya viambato, hasa kwa marhamu za kung'arisha ngozi, ambazo baadhi yake huwa na zebaki au haidrokwinoni. Doa halitamwambia neno.

Marhamu huingia kwa mkiani, si kwa mdomoni, na tyubu husimama kichwa chini ikijazwa. Halafu mkia wa alumini hukunjwa mara mbili tatu, wa plastiki huunguzwa kidogo kwa hewa ya moto na kubanwa, na nambari ya fungu hugandamizwa papo hapo. Tyubu ikiisha, chukua wembe uikate chini ya bega: ukingoni utaona mstari wa fedha kama ndani mna alumini, na juu yake, katika pembe ya bega ambamo kidole hakifiki, marhamu ya siku tatu au nne.