Bati, Sufuria na Kitabu cha Forodha

Mtu asimamaye Magogoni akingoja pantoni ya kwenda Kigamboni huziona meli zikipita katika mlango wa bandari, karibu naye kiasi cha kuweza kuyasoma majina yaliyoandikwa ubavuni. Katika makasha ya meli hizo mna bati, vipande vya alumini, nyaya za shaba na vyuma vya kila namna. Baadaye mali hiyo huonekana Kariakoo. Hapo mama mwenye nyumba huuliza bei ya sufuria, na mkulima aliyeuza mavuno yake huuliza bei ya bati. Wote wawili hujibiwa kwa bei ambayo sehemu yake ilikwisha kukatwa mahali wasipopafahamu, nako ni ndani ya kitabu cha viwango vya ushuru wa forodha.

Ushuru si jambo geni katika pwani yetu. Kwa mkataba wa mwaka 1833 baina ya Seyyid Said na Marekani, bidhaa za Wamarekani zilizoteremshwa nchini mwake zilitozwa asilimia 5. Siku hizo swali lilikuwa moja tu: mali hii ina thamani gani? Leo liko swali jingine linalotangulia, nalo ndilo gumu zaidi: mali hii ni kitu gani?

Jibu hutafutwa katika mfumo wa kuainisha bidhaa ulioanza kutumika duniani tarehe 1 Januari, 1988. Kila bidhaa hupewa namba. Tarakimu 6 za mwanzo ni zile zile kwa nchi zote zinazoufuata mfumo huo, na Jumuiya ya Afrika Mashariki huongeza 2 zake. Madini ya kawaida, yaani yasiyo dhahabu wala fedha, yamewekwa katika Sehemu ya 15. Chuma kimo katika Sura ya 72, na vitu vilivyotengenezwa kwa chuma katika Sura ya 73. Shaba imo katika Sura ya 74, alumini 76, risasi 78, zinki 79. Sura ya 77 imeachwa tupu kwa ajili ya siku zijazo.

Tuichukue alumini, maana hakuna jiko lisiloijua. Ikiwa bado ni mikuo, namba yake ni 7601. Ikiwa ni chakavu, ni 7602. Ikisukwa kuwa bamba lenye unene unaozidi milimita 0.2, huwa 7606. Ikiwa nyembamba kuliko hapo au sawa na hapo, huwa 7607. Ikiisha kuwa sufuria, ni 7615. Kwa upande wa chuma, bati pana lililopakwa zinki huingia 7210, lakini likiwa na upana usiofika milimita 600 huhamia 7212. Basi, ndugu msomaji, usidhani kwamba futi ya kupimia ni chombo cha fundi peke yake. Ofisa wa forodha naye anaihitaji.

Kwa nini vipimo vidogo hivi viwe na uzito mkubwa? Kwa sababu kila namba ina kiwango chake. Umoja wa Forodha wa Jumuiya, ulioanza kazi tarehe 1 Januari, 2005, uliweka ngazi 3: malighafi bila ushuru, bidhaa zilizotengenezwa nusu asilimia 10, na bidhaa kamili asilimia 25. Tangu tarehe 1 Julai, 2022 imeongezwa ngazi ya asilimia 35, ambamo baadhi ya bidhaa za chuma zimeingizwa.

Tufanye hesabu. Tuseme shehena yenye thamani ya shilingi milioni 100, pamoja na bima na nauli, imefika bandarini. Ikitozwa asilimia 10, ushuru ni milioni 10, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 juu ya milioni 110 ni milioni 19.8. Jumla ni milioni 29.8. Shehena hiyo hiyo ikisomwa kuwa bidhaa kamili ya asilimia 25, jumla hufika milioni 47.5. Tofauti ni shilingi milioni 17.7, na hapo hatujataja tozo nyingine. Fedha hizo zote zimezaliwa na namba moja.

Shabaha ya ngazi hizi ni njema. Taifa linataka sufuria ifuliwe hapa, na fundi wa Gerezani apate kazi. Lakini ngao hii ina pande mbili. Bamba ambalo fundi huyo analihitaji likitozwa kama bidhaa kamili, ngao humgeukia mwenye kuikingiwa. Tena, karibu na kuanza kwa kila mwaka wa fedha, Gazeti la Jumuiya hutangaza mabadiliko ambayo nchi moja moja imeruhusiwa kuyafanya kwa muda, na kwa baadhi ya bidhaa za chuma huwekwa kima cha dola kwa tani, ili kinachozidi kati ya asilimia na kima hicho ndicho kilipwe. Mwenye duka dogo atayajuaje yote haya?

Tarehe 15 Mei, 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka yao wakilalamikia mambo ya kodi, na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaenda kuwasikiliza. Somo lililobaki ni kwamba kodi isiyoeleweka huonekana dhuluma hata inapokuwa halali. Na pale ambapo namba haieleweki, ndipo rushwa inapopata kiti cha kukalia.

Sheria ya forodha ya Jumuiya imetoa njia. Mwagizaji anaweza kuomba uamuzi wa namba kabla mali haijafika. Asiyeridhika na uamuzi wa forodha anaweza kuomba upitiwe upya katika siku 30, na Kamishna naye anapaswa kujibu katika siku 30; kisha lipo baraza la rufaa. Haki hizi hazina budi kuelezwa kwa Kiswahili safi, na kubandikwa sokoni penye macho ya watu. Wafanyabiashara nao waache kuandika bamba mahali pa sufuria, kwa kuwa anayedanganya namba humwibia jirani yake anayelipa sawasawa.

Wazee walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la forodha tunalo. Linalotakiwa ni kwamba anayelipa naye aweze kulisoma.