Katumbi, mfanyabiashara aliyezuiwa mpakani
Moïse Katumbi alizaliwa mwaka 1964, akaanza maisha kwa biashara ya samaki wa Ziwa Mweru, lililo kati ya Kongo na Zambia, kisha akatajirika kwa kuihudumia migodi. Mwaka 2007 alichaguliwa gavana wa Katanga, akabana usafirishaji wa madini ghafi. Mwaka 2015 alijiuzulu na kukihama chama cha Rais Joseph Kabila, akipinga muda wa utawala kurefushwa.

Agosti 2018, akirejea kupitia Zambia kuwania urais, alizuiwa Kasumbalesa, mpaka ambao malori ya shaba huupita kila siku. Fomu za ugombea zikampita. Alirudi nyumbani 2019. Uchaguzi wa 2023 akashika nafasi ya pili, nyuma ya Félix Tshisekedi.