Swichi za Kompaila na Utabiri wa Mvua ya Dutwa

Utabiri unaomfikia mkulima wa pamba wa Dutwa, wilayani Bariadi, anapojiandaa kupanda kuanzia katikati ya Novemba, hutanguliwa na hatua isiyotajwa redioni, nayo ni ujenzi wa programu inayoukokotoa. WRF, mojawapo ya modeli zinazotumiwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, husambazwa ikiwa msimbo chanzo, yaani maandishi ya programu yanayosomeka na binadamu, ambayo kwa sehemu kubwa yako katika lugha ya Fortran, na ambayo hayana budi kugeuzwa kuwa amri za mashine na programu nyingine iitwayo kompaila. Maelekezo mafupi ambayo kompaila hupewa kuhusu namna ya kufanya kazi hiyo ndiyo swichi.

Swichi mashuhuri ni -O, inayofuatwa na tarakimu ya kiwango cha uboreshaji. Kompaila ya GCC ikipewa -O0 huacha karibu kila kitu kama kilivyoandikwa, jambo linalomfaa anayesaka kosa. Ikipewa -O2 hupanga upya amri na kufuta hesabu zinazojirudia. -O3 huongeza mbinu ambazo mara nyingine huinenepesha programu bila kuiharakisha. Kasi hapa si anasa, kwa kuwa umbali kati ya nukta za ramani ya modeli ukipunguzwa kwa nusu, nukta huwa mara 4 na hatua za muda mara 2, hivyo kazi huongezeka takriban mara 8, na utabiri wa kesho unaokamilika keshokutwa haumfai mtu.

Kwa sababu hiyo -ffast-math huvutia, ingawa ndiyo inayostahili kushukiwa zaidi. Swichi hiyo huiruhusu kompaila kubadili mpangilio wa kujumlisha kana kwamba kompyuta hutunza tarakimu zote, ilhali kwa kawaida hutunza zisizozidi takriban 16: 1 ikiongezwa kwenye 10,000,000,000,000,000, kisha namba hiyo kubwa ikatolewa, jibu huwa 0, lakini kutoa kukitangulia, jibu huwa 1. Kompaila ya Intel, kwa desturi yake, huchukua sehemu ya uhuru huo hata bila kuombwa. Mwaka 1961 Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani, aliingiza 0.506 badala ya 0.506127 katika modeli yake, na hali ya hewa iliyokokotolewa ikaachana kabisa na ile ya awali. Anga yenyewe, basi, hukuza tofauti ndogo, na kung'ang'ania tarakimu ya mwisho hakuna maana. Hasara iliyopo ni kwamba matokeo ya mashine mbili yakitofautiana, fundi hawezi tena kutambua kwa urahisi kama chanzo ni kosa la msimbo au ni mpangilio wa hesabu uliobadilishwa. Kuanzia -O2, kisha kupima kila swichi inayoongezwa, ni busara kuliko kuzirundika.

Ipo pia -march=native, inayotumia uwezo wote wa prosesa iliyopo; programu iliyojengwa hivyo ikihamishiwa kwenye kompyuta ya zamani huweza kukatika ghafla, kwa kukutana na amri isiyojulikana huko. Swichi zote za WRF huandikwa katika faili la configure.wrf, ambalo hufaa kuhifadhiwa pamoja na utabiri wenyewe.