Ndoo ya Maji ya Bahari Haimponyi Samaki wa Tangini

Swali moja hurudiwa kila mara na wafugaji wa samaki wa mapambo wa pwani: kwa nini kitatange au kangaja aliyetolewa mwambani akiwa mzima hufa baada ya wiki mbili, ilhali maji ya tangi lake yanatekwa kila siku katika bahari ile ile alimovuliwa? Swali hili limekosewa tangu mwanzo, kwa sababu linachukulia kwamba maji mapya ya bahari ni dawa, na kwamba samaki akidhoofika kosa ni kuchelewa kwa ndoo. Mahali kama Kipungani, kusini-magharibi mwa kisiwa cha Lamu, ambako mkondo unaotenganisha kisiwa na bara uko karibu na milango ya nyumba, imani hiyo huota mizizi kwa urahisi, kwani mwenye bahari mlangoni haoni haja ya kupima chochote. Samaki wengi hufa kwa imani hii, na vifo hivyo vingeweza kuzuilika.

Kosa la kwanza, ambalo pia ndilo la kawaida zaidi, ni kujaza tangi kwa maji ya bahari kila yanapopungua. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa kila lita, kwa hiyo tangi la lita 200 lina kilo 7 za chumvi. Yanapogeuka mvuke, maji huondoka peke yake na chumvi yote hubaki. Tangi likipoteza lita 4 kwa siku kwa joto na upepo, na mwenyewe akarudishia lita 4 za bahari, huwa ameongeza gramu 140 za chumvi. Baada ya siku 10 ameongeza kilo 1.4, na kila lita sasa ina gramu 42. Samaki wa baharini hunywa maji ya chumvi na kuitoa chumvi ya ziada kupitia matamvua, yaani viungo vya kupumulia, kazi inayomla nguvu hata katika maji ya kawaida, na chumvi inapozidi hivyo nguvu hizo hupungukia mahitaji mengine, ikiwamo kinga dhidi ya magonjwa. Kilichopotea ni maji matamu, na kinachopaswa kurudishwa ni maji matamu: maji safi ya mvua yaliyohifadhiwa kwenye jabia yanafaa, mradi hayakupita kwenye bati lenye kutu wala bomba la shaba, ilhali maji ya kisima chenye chumvichumvi hayafai.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kumwaga maji yote ya tangi kila siku. Haikataliki kwamba kwa kufanya hivyo huondoa amonia, sumu inayotoka kwenye matamvua ya samaki na kwenye chakula kinachooza, ambayo ni hatari zaidi katika maji ya bahari: yakiwa na pH ya 8.2 na joto la nyuzi 28, takriban asilimia 8 ya amonia huwa katika umbo linaloua, wakati katika maji matamu yenye pH ya 7 ni chini ya asilimia 1. Lakini mlinzi wa kudumu dhidi ya amonia ni bakteria wanaoishi juu ya mchanga na mawe ya tangi, wanaoigeuza kuwa nitriti na kisha nitrati isiyo na makali hayo, nao huhitaji wiki 4 hadi 6 kujijenga. Anayeosha mchanga huo kwa maji matamu kila anapobadilisha maji huwaua na kuanza upya. Zaidi ya hayo, maji ya mkondo wenye mikoko hubadilikabadilika: yakipwa hubeba tope na majani yaliyooza, masika yakinyesha chumvi yake hupungua, na penye boti nyingi huchanganyika na mafuta ya mashine. Samaki anayehamishwa kila siku kutoka chumvi moja hadi nyingine hapati nafasi ya kutulia.

Ushahidi unaotolewa mara kwa mara kutetea ndoo ni kwamba madoa meupe ya samaki hutoweka baada ya maji kubadilishwa. Madoa hayo husababishwa na kimelea kiitwacho Cryptocaryon irritans, ambacho hukaa kwenye ngozi na matamvua kwa siku 3 hadi 7, kisha hujiachia chenyewe, hujifunga kwenye mchanga au kioo, na baada ya siku kadhaa au wiki kadhaa hupasuka na kutoa mamia ya watoto wanaoogelea wakitafuta samaki. Madoa yangetoweka hata kama ndoo isingeguswa. Katika bahari wazi wengi wa watoto hao hufa bila kumpata mwenyeji. Ndani ya lita 200 hawana shida ya kumpata, na mfugaji aliyefurahia tiba huona samaki amerudi na madoa maradufu. Hakuna kiasi cha maji mapya kinachomfikia kimelea aliyejifunga mchangani.

Yanayofaa ni machache. Samaki mpya akae peke yake wiki 4 kabla ya kuingizwa. Aliyeugua atibiwe katika chombo tofauti kisicho na matumbawe wala kamba, kwa dawa ya shaba inayopimwa kila siku isizidi miligramu 0.2 kwa lita, huku tangi kuu likiachwa bila samaki kwa wiki 10 au 11. Maji yabadilishwe asilimia 10 hadi 20 kila wiki mbili, yakitekwa yakijaa, mbali na mikoko na gati, na yapimwe chumvi na joto kabla ya kumwagwa. Pampu ya hewa isizimwe, hasa usiku wa joto, kwa kuwa maji yenye joto hushika oksijeni kidogo. Mfugaji mgeni aanze na samaki wadogo wanaokaa ndani ya anemoni, kama vile Amphiprion allardi au Amphiprion akallopisos, ambao hukubali chakula cha mkononi. Vitatange kama Chaetodon meyeri na Chaetodon trifascialis, ambao wote wanaishi katika miamba ya Afrika Mashariki, hula matumbawe hai na karibu kila mara hukataa kingine chochote hadi wafe njaa. Hao wasinunuliwe kabisa, na mvuvi anayeagizwa kuwaleta anapaswa kukataa.